Kura Niliyoipiga kwa Wivu

Nilipiga kura ya kujitenga kwa sababu ya mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto Songwe aliyekuwa akiimba na mume wangu. Wenzangu walikuwa na sababu zao, nzuri na nzito, na nilizisikia zote. Yangu ilikuwa hiyo tu.

Zilikuwa zama za Mwingereza. Mimi ni mzaliwa wa ufukweni mwa ziwa, kwa wafinyanzi, nikaolewa Katumba, katika nyumba ya wakulima wa mpunga walio karibu kabisa na mto. Nilipofika, Kinyakyusa changu kilikuwa kibovu hata watoto walinicheka. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, neno kwa neno, tukipalilia. Yeye naye aliletwa pale akiwa bibi arusi kutoka ng'ambo, Nyasaland, akajua ugeni ni nini. Akiutazama mto alikuwa akisema, "Maji haya Mzungu ameyafanya ukuta. Sisi tulikuwa tunayavuka kwenda kuomba chumvi."

Kanisani bado hayakuwa ukuta. Sharika za kwetu na za ng'ambo zilikuwa chini ya baraza moja, na makao ya baraza yalikuwa kule. Wachungaji walitoka kule, hata vitabu vya nyimbo. Kila mwaka baada ya kuvuna mpunga tulivuka kwa mitumbwi kwenda kwenye mkutano mkubwa, siku tatu za mahubiri, wali na kwaya.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya upande wetu. Kwaya ya ng'ambo iliongozwa na mjane mmoja, mwalimu wa shule ya wasichana. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa viatu vya kamba kama mwanamume, na alipofungua kinywa kuimba sauti ya pili, watu waliokuwa wakinong'ona walinyamaza. Mume wangu aliimba ya tatu. Walisimama mbali, yeye na wanawake wenzake, huyu na wanaume wenzake, wala sikuwahi kuwaona wakigusana hata mikono. Lakini sauti zao zilikuwa zikikutana juu ya vichwa vyetu, na mimi nimekaa chini na mtoto mgongoni, nazisikia zikikutana.

Mimi siwezi kuimba. Nikianza wimbo, jirani yangu husogea. Mume wangu alikuwa akirudi na karatasi za nyimbo alizoandika yule mjane kwa mkono wake, herufi zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Alizihifadhi ndani ya Biblia. Akienda shambani alikuwa akivumisha wimbo mdomoni, nami nikajua kwamba anachovumisha si sauti yake, ni ya yule mwanamke. Siku moja nilimwuliza, "Kwani wewe huna sauti yako?"

Akacheka. "Lazima niijue na yake, ndipo yangu ikae mahali pake."

Sikulala vizuri kwa majuma mawili kwa jibu lile.

Ndipo likaja suala la kujitenga. Ng'ambo, serikali yao ilikuwa imeunganishwa na nchi za walowezi wa kusini, wenyeji wakikataa na wasisikilizwe. Kwetu watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru, kwa sauti ya chini mbele ya karani, kwa sauti kubwa sokoni Kyela. Basi wazee wa usharika wakauliza: je, tuendelee kuamuliwa mambo yetu na baraza lililo katika nchi nyingine, au tuwe kanisa letu wenyewe, hapa Tanganyika?

Aliyetaka tujitenge kwa nguvu zote alikuwa baba mkwe. Aliyetaka tubaki alikuwa mwanawe, mume wangu.

Kwa desturi ya kwetu mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe wala hasemi naye. Tulikuwa Wakristo, lakini jambo hilo tulilishika. Kwa hiyo maneno ya mzee niliyasikia kutoka upande wa pili wa ukuta wa mianzi, nikipika.

"Mtu hawezi kuwa mzima katika nyumba ambayo mlango wake unafungwa na jirani," alisema. "Leo wanatuletea mchungaji. Kesho walowezi wakiwaambia wamwondoe, tutamwuliza nani?"

"Baba, hao si walowezi. Ni wajomba zangu."

"Wajomba zako nawapenda. Nilitoa ng'ombe kwao nikamwoa mama yako. Lakini sikuwapa shamba langu walilime."

"Na tukiwa peke yetu, baba, nani atatusikia? Sharika hizi chache, katikati ya mto na milima? Wao wakionewa, sisi tukiwa nao, tutakuwa wengi wa kulia."

"Kulia si kazi," mzee akasema. Nikasikia kiti kikisukumwa.

Nilimwona mume wangu ana hoja. Hata leo naiona. Lakini alipotaja ng'ambo mimi niliona viatu vya kamba.

Siku ya kura tuliitwa wote tulioshiriki meza ya Bwana, wanawake kwa wanaume. Waliweka mtungi wenye shingo nyembamba, ili kilichomo mkononi kisionekane. Kila mtu alipewa punje ya hindi na haragwe. Hindi ni kubaki, haragwe ni kujitenga, na iliyobaki utaitupa kichakani. Baba mkwe alikuwa miongoni mwa wazee waliosimama kuulinda mtungi. Nilijifunika khanga mpaka machoni, nikapita nikiangalia miguu yangu, nikatia haragwe. Nilisikia likigonga ndani. Nilipogeuka mume wangu alikuwa kwenye mstari wa wanaume, akaniinamishia kichwa kunishukuru, maana hakuwa na shaka kwamba nimetia hindi.

Walimwaga vyote juu ya mkeka. Maharage yaliyazidi mahindi kwa konzi moja tu. Upande mmoja walipiga vigelegele, upande mwingine wakabaki wamekaa. Watu waliozoea kurudi nyumbani pamoja siku hiyo walishika njia mbalimbali. Mama mkwe hakuinuka mpaka nilipomshika mkono. Njiani alisema, wala hakuwa akimwambia mtu, "Sasa mimi ni mgeni wa nani?"

Nilimpikia ndizi jioni ile, hakula.

Nilidhani nitapumzika. Haikuwa hivyo. Zamani mume wangu alikuwa akivuka na kwaya nzima, nami nimo mtumbwini, naona. Sasa mkutano wa pamoja ulikwisha, akaanza kuvuka peke yake. Alhamisi alikuwa akimaliza kazi ya shamba mapema, anaoga, anachukua Biblia. "Nakwenda kuomba nyimbo," alisema. Hatukuwa na vitabu tena, hilo lilikuwa kweli. Mzee hakusema naye tangu kura. Nyumba yetu ilikuwa na wanaume wawili wasioongea na mwanamke mzee asiyecheka, na mimi katikati yao na siri yangu.

Alhamisi ya nne sikuweza. Nilikuwa na vyungu vilivyoletwa kutoka kwetu ufukweni. Nikavipanga kichwani vitatu, nikavuka nyuma yake kwa mtumbwi mwingine, kama mwanamke anayekwenda kuuza.

Shule ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi. Nilimkuta yule mjane peke yake, anafuta ubao. Mume wangu, aliniambia, amekwenda na mzee wa kanisa kumwona mgonjwa, mjomba wake. "Huja kila Alhamisi kwa ajili yake. Mguu unaoza. Hakutaka mama yake ajue." Akavitazama vyungu, kisha akanitazama mimi. "Karibu ukae. Vyungu hivyo huuzi."

Nilikaa. Alinipa wali na usipa, dagaa wa ziwani, akakaa mbele yangu asile. Nikaona mikono yake ina chaki mpaka kwenye viwiko, na kola ya gauni imeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Alikaribia kuonekana mtu wa kawaida, na hilo liliniudhi zaidi.

"Uliza," alisema.

"Unampenda mume wangu?"

Alijifuta chaki viganjani. "Nikisema simpendi nitakuwa mwongo, na wewe ni mgeni wangu. Hajui. Sitamwambia. Wewe una nyumba naye na watoto. Mimi nilikuwa na siku tatu kwa mwaka, tena katikati ya umati. Sasa sina hata hizo."

Ningeweza kumpiga. Badala yake nikasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. "Nilitia haragwe. Kwa sababu yako."

Nilitaka limchome. Hakushtuka. Alisimama akaenda dirishani.

"Mimi pia ningetia haragwe," alisema. "Ningekuwa kwenu, ningelitia. Huku tunaburutwa na watu wa kusini, na kila kilichofungwa kwetu kitaburutwa nasi. Mumeo alipoomba nimwandikie barua ya kuwasihi mbaki, nilikataa. Nilimwambia baba yake ana haki. Afadhali ninyi muwe na mlango wenu, hata kama nitabaki nje ya mlango huo." Akageuka. "Alikasirika. Hajaimba nami tangu siku hiyo."

Sijui kama naweza kueleza nilivyoumia. Nilikuwa nimezoea kumwonea wivu kwa sauti, kwa urefu, kwa mwandiko. Sasa nilimwonea wivu kwa kura ambayo hakuipiga. Haragwe langu na lake yangekuwa sawa mle mtungini, hakuna ambaye angeyatofautisha, lakini lake lingekuwa la mtu anayewafikiria wengine, na la kwangu lilikuwa choyo tupu. Yeye alikuwa tayari kupoteza alichokipenda kwa ajili yetu. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya mama mkwe kwao ili mume wangu asiimbe.

Nilimwachia vyungu vyote vitatu. Alisema "ndaga", asante ya kule na ya kwetu pia.

Nilimwambia mume wangu kesho yake, tukiwa shambani, maji yakitufika kwenye goti. Nilimwambia yote kuhusu kura, isipokuwa lile alilosema mjane kwamba anampenda. Hilo sikumpa. Aliuchomeka matopeni mche wa mpunga aliokuwa ameushika.

"Ungelitia haragwe kwa kumwamini baba," alisema, "leo ningebishana nawe, tukala. Lakini hukumwamini baba, wala hukuniamini mimi."

Alihamia nyumba ndogo ya kuhifadhia mpunga, akakaa huko mpaka masika yakaisha. Mama mkwe aliambiwa habari za ndugu yake, akavuka kwenda kumwuguza, akamzika. Hakuna aliyemzuia mtoni wala kumwuliza habari za kura. Aliporudi, mwanawe akimbebea mzigo, mzee aliupokea mzigo ule, na baba na mwana wakaanza kusema maneno mawili matatu ya mpunga na mvua. Wakati huo ndipo mume wangu aliporudi ndani. Hatukulizungumza tena.

Miaka michache ikapita, ng'ambo kukawa na ghasia. Walimu na watu wa siasa walikuwa wakikamatwa majumbani mwao, na wengine walivuka Songwe kutukimbilia. Asubuhi moja mama mkwe aliita uani. Yule mjane alikuwa amesimama pale, nguo zimelowa mpaka kifuani, furushi kichwani, viatu vyake vimening'inizwa shingoni.

Baba mkwe alitoka. Nikakimbilia nyuma ya ukuta kama desturi ilivyo, nikamsikia akisema, "Huku hakuna wa kukufuata. Hapa ni kwetu, na sisi ndio tunaoamua nani akae." Alilisema kwa fahari, kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo. Na mume wangu akajibu, "Ni kweli, baba. Lakini amekuja kwa sababu anatufahamu. Asingetufahamu angekimbilia wapi?" Wote wawili wakacheka kidogo, mara ya kwanza tangu kura. Mpaka wanazikwa kila mmoja alishikilia kwamba siku ile ilimthibitisha yeye.

Mjane alikaa nasi msimu mzima wa mpunga. Nilimpa kitanda changu, nikalala na watoto. Nilimpikia. Aliimba katika kwaya yetu Jumapili, na mume wangu aliimba, na mimi nilikaa benchi la nyuma nikihesabu mistari mpaka wimbo uishe. Yule mwanamke hakuvunja neno lake la kutomwambia, hata kwa jicho. Nilimchunga kila siku nikitafuta kosa, sikulipata, na kutolipata kukawa mateso mengine. Watoto walimpenda. Alimfundisha binti yangu kuandika, na mpaka leo mwandiko wa binti yangu umelala upande mmoja.

Alipopata kazi ya kufundisha Tukuyu, nilimsindikiza mimi mpaka Mbugani kungoja lori. Mume wangu aliagana naye nyumbani, kwa mkono, mbele ya wote. Barabarani hatukusema mengi. Lori lilipofika alinishika mabega akasema, "Wewe ni mtu mgumu, dada. Lakini ulinilaza kitandani kwako."

"Panda," nikamwambia, "utaachwa."

Alipanda. Nilisimama mpaka vumbi likatulia, nikiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa kuni. Kisha nikanunua chumvi, nikarudi Katumba kwa miguu, na nilipofika karibu na mto nikajikuta nalia, wala si kwa huruma. Nililia kwa sababu nilijua mume wangu atakuwa kimya mezani jioni ile, na mimi nitaujua ukimya huo ni wa nini.