Mfuko Uliofukuza Ndege

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua mahakamani hapa Ifakara, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimekaa nyuma ya mama yangu, naye ameshika masuke ya mpunga yaliyojaa mapepe, punje zisizo na kitu ndani. Alikuwa amemshtaki mtu aliyemuuzia mbegu.

Mfuko wa mbegu ile uliandikwa kwamba ni ya kukomaa kwa muda mfupi, tena imethibitishwa. Muuzaji aliinadi mtaani Katindiuka kwa kipaza sauti. Wahenga walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku ile hatukuwakumbuka. Tukapanda shamba zima. Mpunga ukaota mwingine wa kiunoni, mwingine wa magotini, na mafuriko yakaukuta haujakomaa.

Hakimu aliuliza kwa upole, "Mama, mfuko uko wapi?"

"Niliukata vipande, mheshimiwa. Tulivitundika kwenye kamba, vifukuze ndege kwelea."

Wewe wajua, bondeni kwetu mfuko mtupu hautupwi. Vipande vyake hung'aa na kupiga kelele kwenye upepo. Hata hivyo watu walicheka.

"Mheshimiwa," muuzaji akadakia, "huyu mama alipanda mpunga wake wa kula, si mbegu yangu, sasa anatafuta wa kumlipa!"

Mama alipewa nafasi ya kuleta vile vipande. Tulivikuta shambani, lakini jua lilikuwa limefuta maandishi yote. Kesi ikatupwa.

Nje, mjomba wangu hakutoa pole. "Dada, ndege umewafukuza. Shahidi wako umemwanika juani."

Tangu hapo, kila alipomwona mama sokoni, muuzaji alimwita kwa sauti, "Shikamoo, mama kesi!" Mama aliitikia marahaba, maana salamu hainyimwi, kisha akainamisha uso. Alikufa watu wakimwona mwongo, yeye ambaye hata kipimo cha chumvi hakuwahi kukipunja.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Ukinunua mbegu au dawa, dai risiti yenye jina la duka. Tunza mfuko, na konzi moja ya mbegu ndani yake, mpaka uvune. Mazao yakienda kombo, mwite bwana shamba ayaone yakiwa bado yamesimama. Ndege wafukuze kwa matambara. Kweli ya mdomoni, peke yake, haikumtosha mama yangu.

Mungu akujalie mbegu iotayo. Na siku utakaposema kweli, akupe wa kukuamini.