Soja Huendewa Usiku

Watu huniuliza mzee wa umri wangu alikuwa anatafuta nini juu ya pikipiki saa nne ya usiku, barabara ya Eldoret, trela zikimpita sikioni. Nilikuwa naenda kumwona rafiki yangu. Yeye haonwi mchana.

Niseme kwanza tulijuana vipi. Tulikuwa masoja wa usiku Milimani, hapa Nakuru, yeye geti moja na mimi geti la ng'ambo, miaka zaidi ya ishirini. Kila saa tulipigiana filimbi kuonyesha hakuna aliyelala. Mama mmoja wa hapo alilalamika ati filimbi zinaamsha mbwa wake. Mbwa wa kulinda! Basi, tuache hiyo.

Kazi ilipokwisha, mimi nilirudia kulala kama watu baada ya mwezi hivi. Yeye alishindwa. Alinunua kashamba karibu na Salgaa, na mpaka leo analala jua likichomoza, anaamka jioni, anavaa kabuti na kuzunguka boma lake lenye kuku na ng'ombe mmoja.

Sasa, mwaka jana ugonjwa wa sukari ukamshika mguu. Kidonda cha kidole gumba kikawa cheusi. Daktari akasema vidole vikatwe upesi. Vikikawia utakatwa mguu mzima, na mguu ukikawia, ni kaburi. Akakataa. Watoto wake walikuja kumsihi mara tatu, akawafukuza mara tatu. Ndipo mke wake akanipigia simu.

"Shemeji, njoo wewe. Hasikii mtu."

"Huwa mnamwambia saa ngapi?"

"Mchana, watoto wakifika. Saa sita, saa saba."

Nikaona kosa liko wapi. Walikuwa wanabishana na mtu aliye usingizini. Hata mimi, zamani, ungeniamsha saa sita mchana uniulize kama nataka kwenda mbinguni, ningekutukana.

Nikamchukua mtu wa boda wa stage yetu, mtu mzima mwenye wajukuu, mzee wa kanisa.

"Mzee, usiku huu? Unaenda kuoa?"

"Wewe endesha."

"Basi nishike mimi, usishike kiti. Ukianguka nitaambia watu wako nini?"

Kufika Ngata, baridi ilikuwa imeingia magotini. Trela ikitupita, upepo wake unatusukuma pembeni, na yeye anaomba kwa sauti ndani ya helmeti, lakini mwendo hapunguzi. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria rafiki yangu njia nzima. Nilifikiria kukojoa. Tulisimama mara mbili. Salgaa ilinuka breki zilizoungua na nyama choma, madereva wamejaa hotelini kama ni mchana. Hapo tukakata kona, tukaingia barabara ya murram.

Kabla pikipiki haijazimwa, tochi ikanipiga machoni.

"Nani? Simama hapo hapo!"

"Ni mimi, wa geti la ng'ambo."

"Hii ndiyo saa ya kuja kwa watu?"

"Kwani si ndiyo saa yako?"

Akacheka. Yule wa boda akapewa chai jikoni, na mimi nikazunguka boma na rafiki yangu. Mguu alikuwa ameufunga na karatasi ya nailoni, na ulikuwa unanuka. Mzunguko wa tatu nikamuuliza.

"Unaogopa kisu?"

"Kisu gani? Naogopa ile sindano ya kulaza. Nilale hapo kama gunia, mtu ananikata, na mimi sina habari? Kazi yangu yote hakuna mtu ameingia nimelala. Hata mmoja!"

Hilo hakuwa amemwambia daktari wala watoto. Naona aliona haya.

"Wewe utalala," nikamwambia, "na mimi nitakaa mlangoni. Tuseme ni zamu yangu."

Akazunguka mara moja peke yake. Aliporudi akaniuliza, "Hutafumba macho?"

"Sitafumba."

"Hata kidogo?"

"Si nimesema?"

"Basi twende sasa hivi. Jua likitoka nitakataa tena, najijua."

Tukarudi watatu kwenye pikipiki, mgonjwa katikati na kabuti lake. Rungu lake la zamani mkewe alimnyang'anya kwa nguvu.

"Polisi wakitushika mtajieleza nyinyi," yule wa boda akasema, kisha akaanza maombi yake.

Hospitalini walimpokea alfajiri, na saa nne asubuhi wakamwingiza kukatwa. Nikakaa kwenye benchi nikiutazama ule mlango. Nilijifinya paja. Nilisimama, nikakaa, nikasoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikalijua kwa moyo. Kitu kingine ninachokumbuka ni mama wa kufagia akinigusa viatu kwa ufagio.

"Mzee, inua miguu. Mtu wako alitoka kitambo."

Walikuwa wamemkata vidole vitatu. Mguu ulibaki. Nilimkuta wodini ameanza kufungua macho, ulimi bado mzito.

"Kulikuwaje?"

"Kulikuwa kimya. Hakuna aliyeingia ila madaktari."

"Hukulala?"

"Sikulala."

Akatafuta mkono wangu juu ya blanketi, akaushika. Nilimwacha aushike.