Safe, Secure na Kufuli la Mlangoni Kwetu

Geti la chuma nililiwekesha mwenyewe mlangoni kwetu, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Mama alikuwa ameanza kusahau. Asubuhi alikuwa akijifunga kanga kiunoni, akibeba ndoo yake na kuelekea soko la Feri, alikokaanga samaki miaka mingi kabla magoti hayajamgomea. Mara ya tatu alirudishwa na dereva wa bodaboda, yuko pekupeku. Nilipandwa na hasira, fundi nikamwita siku hiyo hiyo.

Tangu hapo nikitoka namfungia.

“Unanifungia?” huniuliza.

“Kwa usalama wako, mama.”

Kisha nashuka ngazi mbio nisimsikie akitikisa nondo za geti. Harusini natazama saa, msibani natazama saa. Ufunguo ninao mimi, na bado najiona nimefungwa pamoja naye.

Kazi yangu ni kuwafundisha Kiingereza wafanyabiashara wanaofuata mizigo China. Watu hawa hawakuachii hivi hivi. Asubuhi moja muuza vitenge mmoja, mwenye mdomo kweli kweli, akanibana.

“Mwalimu, safe na secure si yote salama tu? Mbona unatuchosha?”

Nikajitia ujuaji. Secure, nikamwambia, ni kitu kilichofungwa barabara, kama stoo yako yenye makufuli mawili. Safe ni yule ambaye hatapatwa na baya.

Akafikiri kidogo. “Sasa stoo ikishika moto, na mimi nimefungiwa ndani?”

“Stoo ni secure,” nilianza, “ila wewe…”

Darasa zima lilikuwa linacheka, mimi namwona mama nyuma ya kufuli. Nikachukua pochi, nikawaambia tutaendelea kesho.

Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda nyuma ya nondo, kanga kiunoni, ndoo mapajani. Sijui alikaa hivyo tangu saa ngapi. Aliponiona alisimama, akainamisha kichwa kwa adabu.

“Shikamoo,” akaniamkia.

Mama yangu mzazi!

“Naomba unifungulie, dada,” akasema. “Nina mtoto mdogo wa kike nyumbani. Atakuwa ananililia.”

Nikatoa ufunguo. Nilipofungua, alinipita bila kunitazama, akaanza kushuka ngazi huku ameshika ukuta, akiliita jina langu. Nikamfuata nyuma. Kila akiita, naitika.