Mishono Kwenye Redio ya Ernesti

Khatib alikuwa mshona vyombo. Mjomba wake kule Pemba alimfundisha kuunga sahani na mabakuli ya kaure: unatoboa vitundu kwa keke ya upinde pande mbili za ufa, unapitisha uzi wa shaba, unaukaza mpaka vipande viumane. Zamani mwanamke hakuona haya kumpakulia mgeni katika sahani yenye mishono. Ilikuwa dalili ya nyumba inayojua kutunza. Lakini hapa Makorora, miaka hii ya hamsini, watu walihamia sahani za bati, na bati halishonwi. Khatib alikuwa karibu kuiuza keke yake.

"Uza tu, Mpemba," jirani yake Uweso, Mdigo muuza kahawa, alimchokoza. "Ukitamani kutoboa, katoboe madafu."

"Nikiiuza, huo mdomo wako nitaushona kwa kitu gani?"

Asubuhi moja akaja Benedikta, mke wa Ernesti wa karakana ya reli, amekumbatia redio. Ganda lake la plastiki nyeusi na ngumu lilikuwa limepasuka, pembe moja imebanduka kabisa. Aliiangusha akiipangusa vumbi. Mafundi wa redio mjini walimwambia sauti ni nzima, bali ganda halina dawa: gundi haishiki, na ukilitia moto linaungua badala ya kuyeyuka.

"Shikamoo, mzee. Mume wangu yuko likizo Maramba, anarudi Jumamosi. Sitaki ajue."

"Marahaba, mwanangu. Kushona nitashona. Lakini mishono itaonekana."

"Basi nitakwenda nayo."

Hapo mwaminifu angemwacha aende. Lakini mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi hujisamehe upesi. Khatib akampokea redio, akatoboa polepole, maana plastiki ile ilikuwa na ukorofi wa kaure. Alipokaza uzi wa mwisho pembe ilisimama imara, na moyoni akajua kwamba amepata kazi mpya ya mkono wake wa zamani. Kisha akaiharibu: akayeyusha nta, akaichanganya na masizi, akafunika kila mshono hadi ganda likawa jeusi tupu. Benedikta alifurahi mno.

Kosa la Khatib lilikuwa la mshona sahani. Sahani haina moto tumboni, redio inao.

Jumapili alasiri Ernesti alisimama mbele ya Khatib kibarazani, redio mkononi, uso umekunjamana. Benedikta alikuwa nyuma yake, ameinamisha kichwa.

"Fundi, redio yangu inavuja."

"Inavuja?"

"Nilialika wageni baada ya misa. Taa za ndani zilipopata moto, likaanza kutoka tope jeusi, likatiririka hadi kwenye kitambaa cha kufuma, na mishono yako ikachungulia. Shemeji yangu akauliza kama ni redio au ni jiko."

Uweso aliweka dele lake la kahawa chini asipitwe na neno.

Khatib angeweza kusema, "Muulize mkeo." Ingekuwa kweli, na ingekuwa aibu pia, kwani mkono uliopaka nta ulikuwa wake. Aliona riziki yake mpya ikimtoka kabla haijaingia.

"Mishono ni kazi yangu," akasema. "Nta ni uongo wangu. Hiyo pembe, hebu itikise."

Ernesti akaitikisa, kisha akaivuta kwa nguvu za mtu wa karakana. Haikucheza.

"Uongo si wake peke yake," Benedikta akasema. "Niliivunja mimi, na mimi ndiye niliyetaka afiche."

Ernesti akamgeukia. "Mama we! Sisi tunaunga mabehewa kwa misumari ya ribiti nje nje, hakuna abiria aliyeomba tupake masizi. Ulidhani nitafanya nini?"

"Utanuna."

"Na nitanuna kweli. Si kwa kuvunja. Kwa kunifanya mgeni nyumbani kwangu."

Benedikta akaomba kitambaa na mafuta ya taa, akapiga magoti kando ya Khatib, wakafuta nta pamoja mpaka shaba ikatokeza yote.

Ernesti akaichunguza kwa muda, akipitisha kidole juu ya mishono.

"Kuna mwenzangu, ganda la redio yake limepasuka mgongoni. Nimlete?"

"Mlete," Khatib alisema. "Lakini umwambie kabla hajafika: kuficha sifichi."