Sifa za Kumsikiliza Bibi

Mwanangu alianza kulia juma lile lile alilozaliwa, na hakuacha. Haikuwa njaa, maana alinyonya vizuri. Haikuwa tumbo, maana zahanati walimpima wakasema mzima. Kila adhuhuri, jua liko utosini na kuku wamejificha kivulini, anakunja ngumi na kupiga kelele huku anatazama mlangoni, mahali pasipo na mtu. Mama yangu alimwangalia siku chache, kisha akasema, "Huyu analilia jina."

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Kuna marehemu wa ukoo anamtaka mtoto. Wakubwa wanakaa, wanamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na likifika lake ananyamaza. Jina la kwenye kadi ya kliniki ni la serikali. Hilo jingine ndilo linalomfanya alale.

Tulimtajia yote tuliyoyajua. Alilia juu ya yote. Yaliyobaki yalikuwa ya nyuma zaidi, ya watu waliozikwa kabla gari la kwanza halijafika kwetu Chemba, na aliyekuwa anayajua ni bibi yangu peke yake. Bibi tulikuwa tumeshamzika.

Hapo ndipo nilipokumbuka kanda.

Kabla sijajifungua, mhadhiri mmoja wa chuo alikuja kwa bibi na kinasa sauti. Miaka ile ya soko huria tulishazoea wageni: wanunuzi wa mahindi, wauza mitumba, watu wa miradi. Huyu alikuja kutafuta maneno. Alisema lugha yetu iko hatarini kutoweka kwa sababu wazee wanaoijua wanakwisha, na alisema hivyo mbele ya mzee mwenyewe. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na tumbo kubwa, nikawa mkalimani wake.

Siku ya mwisho akamwomba bibi ataje ukoo wake. Bibi akatazama tumbo langu.

"Mke mwenza, toka nje," akasema. Ndivyo alivyoniita kwa utani tangu utoto wangu. Mjamzito hatakiwi kusikia majina ya wafu, wasije wakaona njia wakaingia. "Nenda mpaka zizini. Na usitege sikio, nakujua."

"Sasa mwalimu atatafsiriwa na nani?"

"Kidude chake kitashika. Ukishajifungua nitakwambia mwenyewe."

Nilikwenda zizini, nikakaa kama nilivyoambiwa. Bibi hakunisubiri nijifungue. Alikufa mvua za kwanza.

Basi nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda Dodoma mjini, kwenye ofisi ya mradi wao. Nyumba ya kupanga, bati bila dari, joto kama tanuri. Mhadhiri alinikumbuka. Nikamwamkia, akaniuliza hali ya bibi, nikamwambia. Akanipa pole. Nikamweleza shida yangu.

"Kanda ipo?"

"Ipo, dada. Iko salama kabisa." Akanionyesha kabati la chuma lenye kufuli.

"Naomba nimsikilize."

"Wanaoruhusiwa ni wanafunzi wa uzamili waliodahiliwa. Ni utaratibu, sikuutunga mimi."

"Basi nidahili."

Karani wake, msichana aliyepaka wanja mpaka masikioni, alicheka. "Mama mtoto naye kaja kusoma," akasema.

Mhadhiri hakucheka. Alinihesabia taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Digrii ya kwanza, isipungue daraja la pili la juu, iwe ya isimu au fani ya karibu. Barua za wahadhiri wawili wanaonifahamu. Andiko la utafiti. Kiingereza cha kutosha kuandikia tasnifu.

"Na kuijua lugha yenyewe?"

"Hilo si sharti. Ukiwa nayo ni nyongeza nzuri."

Nikamuuliza nani ameshaisikiliza ile kanda. Akasema bado. Wamejaribu, sehemu ya majina hakuna aliyeielewa, wanasubiri mwanafunzi mwenye sifa. Maana yake bibi yangu yuko mle kabatini anaita ukoo mzima, na hakuna anayemwitikia.

Jua likafika utosini. Mtoto akaanza. Mara hii hakutazama mlango. Alijipinda mgongoni kwangu mpaka akaelekea kabati.

"Mnyonyeshe basi," karani akasema.

"Mnyonyeshe wewe."

Mhadhiri alivumilia kidogo, mwisho akafungua kufuli. "Msikie sauti yake kidogo tu, halafu mwende." Akatia kanda.

"Mke mwenza, toka nje," bibi akasema.

Mtoto alinyamaza papo hapo, kifua bado kinaruka. Nikajisikia na mimi ndani ya kidude, nauliza swali langu la kijinga, halafu nyayo zangu zikienda. Kukawa kimya. Bibi alikuwa ananisubiri nifike mbali. Nilisikia akipumua. Kisha akauliza kwa lugha yetu, polepole, "Ameshafika?"

Mhadhiri akabonyeza. Tak.

"Hapo inatosha, dada. Zaidi ya hapo ni data ya mradi."

Niliurukia ule mkono wake. Karani akanikamata kiunoni, mtoto akaanza upya, nikatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa na siyajutii.

"Bibi alikubali mwenyewe," mhadhiri akasema, anafunga kufuli. "Na aliyemtafsiria ni wewe."

"Nilimtafsiria kuhifadhi. Sikumwambia mtamfungia."

Walinitoa kwa upole. Upole wao ndio ulioniudhi kuliko yote.

Mwanangu sasa anatembea. Adhuhuri halii tena, na hilo linanitisha kuliko kilio. Anaacha mchezo, anakwenda kusimama mlangoni, anasogea pembeni kidogo kama anayempisha mtu. Mama yangu hataki hata kutazama.

Mimi nimejiandikisha mtihani wa kidato cha sita, mtahiniwa wa kujitegemea. Baada yake digrii, daraja la pili la juu, na hao wahadhiri wawili nitawapata. Mume wangu anaendesha lori la mahindi la Kibaigwa, na kila akirudi ananikuta na kitabu. Juzi akaniuliza, "Yaani digrii nzima kwa ajili ya jina moja?"

Nikamwambia amwite mtoto. Akamwita kwa jina la kliniki, mara mbili, kwa sauti. Hakugeuka.

"Wewe," nikasema.

Akaja.