Redio ya Mlimani Haikujibu

Kazi ya redio nilifundishwa na mkimbizi. Alivuka mpaka pale Mpondwe miaka ya sitini, akitokea Beni, Kongo, na baba akampa chumba nyumbani kwetu Bwera kwa sababu walikuwa wakisali kanisa moja. Kwao alikuwa fundi wa redio za kupeleka habari. Jioni alinifungulia redio mbovu mezani, na nilipokimbilia nyaya alinipiga kofi mkononi.

"Mutoto, sikia kwanza. Mikono itakuja nyuma."

Ujuzi huo ulinipa ajira katika ofisi ya mafuriko. Mvua ikipiga Rwenzori, mto Lubiriha hujaa ghafla, na wachuuzi wa soko la Mpondwe hawana habari mpaka maji yamewafikia. Kwa hiyo tuliletewa redio mbili: moja kwangu Bwera, nyingine juu mlimani, kwa mtu wa kuutazama mto. Nilimwomba bosi wetu wa Kasese ampe mwalimu wangu nafasi ile ya juu.

"Mkimbizi ashike redio ya serikali?" akacheka. Akampeleka shemeji yake, kijana asiyejua hata kubadili betri.

Siku ya soko mvua ilitanda mlimani tangu asubuhi. Nikaita. "Mlimani, mlimani, unanisikia?" Kimya. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Kumbe mwenzangu wa mlimani alikuwa ameshuka arusini, papo hapo Bwera, wala hakuniaga. Nilipotoka mbio kwenda sokoni, mto ulishaanza kunguruma. Wengi walipona. Mama aliyeuza samaki wa chumvi, aliyezoea kunitunzia mmoja, alirudi kuchukua mzigo wake. Tulimpata kesho yake kwenye shamba la kahawa.

Bosi alikuja na gari. "Redio ya juu ilikuwa mbovu, sivyo?"

"Redio ni nzima, bwana. Mtu ndiye hakuwepo."

"Yule ni shemeji yangu," akasema, kana kwamba hilo ni jibu. Na kweli lilikuwa jibu, maana baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Mwalimu wangu hakubishana na mtu. Alipanda mlimani kwa padre wa misheni, waliyefahamiana tangu Kongo, akaomba kutumia redio ya misheni. Padre akakubali bila barua wala kikao. Msimu uliofuata nikaisikia redioni sauti ya mwalimu wangu: "Mayi inapanda! Ambia watu batoke!" Tukawahamisha wote sokoni, hata mbuzi, kabla maji hayajafika. Nililia kwa furaha, halafu hasira ikanipanda. Kumbe ilikuwa rahisi hivi?

Haikudumu. Padre alihamishwa, na aliyekuja hakutujua. Alisema redio ni ya mambo ya kanisa. Mwalimu wangu akarudi kwao Beni. Shemeji wa bosi naye alipandishwa cheo, akawa Kasese anafundisha vijana wapya kazi ya redio. Miaka ya sabini wanajeshi walipotuletea mtambo mpya wa redio, mzuri kuliko wote, niliuliza nani atakaa mlimani.

"Usiulize maswali," afande akaniambia. "Kuna ndugu yangu."

Nikauwasha, nikaita. Kutoka mlimani kulikuja muziki wa dansi, na mtu akiimba kwa kuufuatisha.