Jumba la Punda

Baba yangu aliishi kwenye nyumba ya nyasi, na punda wake jike akaishi kwenye jumba. Jumba hilo lilijengwa na baba mdogo, fundi seremala, ambaye ujanani alikuwa kibarua kwenye zizi la farasi la mlowezi mmoja huko Arusha. Aliporudi kwetu, nje kidogo ya Bariadi, alichana mbao kuwa vigae vyembamba kama vya zizi lile, akavipanga vikilaliana kama magamba ya samaki, paa zima na kuta zote. Watu walitoka hata Nkoma kuja kushangaa. Mimi nilijivunia lile banda kuliko nyumba tuliyolala, na sioni aibu kusema.

Soko huria likaingia. Wanunuzi binafsi wa pamba wakafika mpaka kijijini, mabati yakajaa madukani, na baba akapandwa na homa ya bati. Akatangaza kwamba akishauza pamba atabomoa banda, mbao ziwe kuni, ajenge jingine la bati. Baba mdogo hakubisha. Akawa anakula ugali wake ameegemea ukuta wa banda, kama anayeuguza mtu. Iliniuma sana.

Siku hizohizo mchumba wangu akaja kutoka Malampaka kujitambulisha. Kwetu mkwe hamkazii macho mama mkwe, na huyu bwana alikuwa amefundwa akafundika. Aliingia uani macho chini, akayainua mara moja tu kutafuta nyumba kubwa, akaona vigae, akaenda moja kwa moja. Akachuchumaa mlangoni pa banda. Ndani, gizani, kitu kikajisogeza.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama mkwe wake kwa Kisukuma.

Punda akaitika kwa sauti yake yote. Mchumba, macho bado ardhini, akaendelea kuulizia mvua na mifugo. Mama alijifunika khanga usoni, mabega yakimtikisika. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baba akatoka, akiinama kupisha nyasi za paa lake. Alimtazama mkwe, akalitazama banda, kisha akageuka kuitazama nyumba yake.

"Banda libaki," akamwambia mdogo wake. "Na nyumba yangu uniezekee hivyohivyo."

Baba mdogo alichukua nyundo, akaenda kugongomea kigae ambacho hakikuwa kimelegea, akatugeuzia mgongo mpaka macho yalipomkauka.